Mkuu weka msasa chini kwanza, hayo magari ya mbao usiyapake rangi

Nimeona umepata magunia ya midoli ya mtumba hapo Ngamiani kwa ajili ya watoto wa kituo, unauliza ile ya manyoya ifuliweje, umwone nani ustawi wa jamii kabla ya kugawa, na magari ya mbao ukishayapiga msasa upake rangi gani. Acha huo msasa!!

Sisi huku Makorora tulipita njia hiyo hiyo. Fundi rangi mmoja, mtu mzima kabisa, akatuambia rangi ya mafuta ikishakauka haina neno, akatuuzia makopo yaliyobaki kwenye kazi zake, moja halina hata lebo, ya njano inayowaka. Tukakwangua rangi ya zamani pale uani, vumbi likatapakaa mpaka kwenye ndoo za maji na watoto wamesimama hapo hapo wanatazama, tukapaka, tukagawa, watu wakatusifu. Siku moja nesi wa kliniki akaokota lori moja, akaniuliza hii rangi ya nini. Kwenye kibanda cha dereva kulikuwa na alama za meno, rangi imetafunwa mpaka mbao inaonekana. Ikabidi tupite nyumba kwa nyumba kuwanyang'anya watoto zawadi tulizowapa wenyewe, wanalia, na mama zao wanatuangalia tu. Yule fundi sijamsamehe mpaka leo, alitaka makopo yamtoke tu basi.

Rangi za mafuta nyingine zina madini ya risasi, hasa hizo njano na nyekundu kali, na kukauka hakuondoi kitu. Mtoto mdogo akiimeza mwili wake unafyonza mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima, inaenda kuharibu ubongo, na WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema hakuna kiwango salama. Na usiniambie imetoka nje so iko poa, Marekani walipiga marufuku rangi yenye risasi tangu 1978 lakini 2007 Mattel, kampuni kubwa ya midoli ya huko, bado walilazimika kuondoa midoli kibao sokoni kwa sababu ya rangi hiyo hiyo.

Kwa hiyo shika hili moja: rangi usiyoijua ilikotoka isifike mkononi kwa mtoto. Gari lenye rangi ya zamani inayobanduka tupa, usilikwangue wala usipake juu yake, maana mtoto atatafuna zote mbili. Lile la mbao tupu ndo piga msasa, yeyusha nta ya nyuki na mafuta ya nazi, paka, futa na kitambaa, linapendeza kuliko hata rangi.

Hayo yako yana rangi au ni mbao tupu? Weka picha hapa kabla hujagusa hata moja.