Gari limechemsha: usitaje bei kabla hujapima

Mdogo wangu uliyeanza gereji juzi, kuna mteja utamzoea haraka. Gari lake limevutwa kwa kamba mpaka getini, boneti bado ina moto, na hata hajashuka vizuri anakuuliza, "Fundi, hii itakula shilingi ngapi?" Usitaje chochote. Kati ya kofia ya rejeta iliyochoka na injini iliyokufa kuna pengo la mamilioni, na ukisimama pale getini huwezi kujua gari hili liko upande gani.

Mhoji dereva kwanza. Taa nyekundu iliwaka wapi? Aliendelea kuendesha umbali gani? Injini aliizima yeye au ilizimika yenyewe? Kuna mtu aliyeimwagia maji baridi ikiwa bado inatokota? Aliyepaki pale pale, mara nyingi utamrudisha barabarani kwa hozi, thamostati (kifaa kinachofungulia maji kwenda rejeta injini ikipata moto) au mota ya feni. Akikwambia "nilikuwa nimebakiza kidogo tu nifike nyumbani", jiandae kufungua hedi, kile kichwa cha chuma kinachofunika silinda kwa juu. Wala usimgombeze anayesema hakuona kitu. Toyota nyingi ndogo hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu na nyekundu tu, na maji yakishaisha kabisa sensa hubaki kwenye hewa, kwa hiyo inaweza kuonyesha joto dogo kuliko lililopo.

Mahali lilipochemshia nako kunasema mengi. Linalochemsha kwenye foleni ya Tazara na kupoa likipata mwendo, tazama feni, fyuzi na rilei. Linalovumilia foleni halafu likashindwa kupanda mlima wa Kitonga, shuku rejeta iliyoziba au pampu ya maji isiyosukuma vizuri. Hapa Dar watu wanajaza maji ya kisima yenye chumvi mwaka mzima, kisha wanashangaa rejeta imejaa kutu.

Injini ikipoa, na ninasema ikipoa kweli, ndipo unafungua kofia. Kofia inayozuia shinikizo la 1.1 baa inayafanya maji yavuke 100°C na kukaribia 120°C bila kuchemka. Ukiifungua kukiwa na moto, maji hayo yanalipuka pamoja na mvuke usoni kwako. Jaza maji, tafuta yanapovujia, kisha washa injini kofia ikiwa wazi. Mapovu yasiyokoma, au hozi ya juu kuwa ngumu injini ikiwa bado baridi, maana yake moshi wa silinda unaingia kwenye maji: gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, imeungua, au hedi yenyewe imepasuka. Chomoa plagi zote uzipange kwa zamu yake. Iliyong'aa kuliko wenzake imeoshwa na mvuke, na silinda yake ndiyo inayokunywa maji. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye stiki ni habari mbaya, lakini ute mweupe kidogo chini ya kofia ya oili peke yake usikutishe, kwa sababu gari la safari fupi fupi huwa nao.

Halafu kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Kipimo hiki vijana wengi wanakiruka, na ndicho kinachoamua bei. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini, kuna uwezekano mkubwa gasketi imeungua katikati yao. Zote zikiwa chini, tia oili kidogo kwenye kila silinda upime tena: namba ikipanda, ringi za pistoni zimelegea kwa joto. Hapo gasketi mpya ni kumlia mteja hela.

Sasa ndiyo utaje bei, na uitaje kwa hatua, kwenye karatasi. Hatua ya kupima ina malipo yake. Hatua ya kushusha hedi ina yake, na bei ya mwisho inasubiri rula ya chuma na fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya): kwenye injini nyingi za Toyota hedi ikipinda zaidi ya milimita 0.05 inaenda kwa fundi mashine ikasawazishwe. Usisahau vitu vinavyofuata nyuma: boliti za hedi pale mtengenezaji anapotaka zibadilishwe, thamostati, oili na filta, kulanti (maji ya rejeta yenye dawa). Kwenye injini ya 1NZ ya IST ongeza muda wa kufungua kava ya cheni. Kwenye injini ya 2AZ ya Alphard na RAV4 kagua uzi wa matundu ya boliti za nyuma kwenye bloku, kwa maana huo ni ugonjwa wake unaojulikana. Uzi ukishatoka, gasketi mpya haitashika mpaka matundu yawekwe uzi wa chuma. Na kilichochemsha gari lazima kiwe ndani ya bei. Gasketi mpya kwenye rejeta ile ile iliyoziba itarudi getini kwako.

Mimi nina mstari wangu. Tuseme injini iliyotumika Kariakoo siku hiyo inauzwa 1,500,000. Kazi ya hedi ikiishia 600,000 na kompresheni ni nzuri, natengeneza. Jumla ikianza kuvuka nusu ya bei ya injini, nasimama na kumpigia mteja: "Bosi, tumefika hapa, tuendelee au tutafute injini nyingine?" Hela ni yake. Akichagua injini, nenda na geji yako ya kompresheni dukani, dai muda wa kuijaribu uandikwe kwenye risiti, na mwambie mapema kwamba namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, hivyo atakuwa na safari ya TRA.