Pampu ya presha inayowaka na kuzima: anza na hewa

Ukifika kwa mteja, usiguse spana kwanza. Fungua mfereji mmoja usikilize. Pampu nzima hukaa kidogo kabla ya kuwaka, hufanya kazi mfululizo, kisha hunyamaza. Ikiwa inawaka na kuzima kila sekunde mbili tatu, acha mota ilivyo. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye tangi la presha, na dawa yake ni hewa.

Ndani ya tangi hilo mna mpira unaojaa maji, na kati ya mpira na chuma mna hewa iliyoshindiliwa. Hewa hiyo ndiyo inayosukuma maji hadi bafuni pampu ikiwa imelala. Maji yenyewe hayashindiliki, kwa hiyo hewa ikiisha, kikombe kimoja tu kikitoka presha huanguka na swichi ya presha, ile inayowasha na kuzima pampu, huwasha tena. Kila mota inapoanza hula umeme mara kadhaa zaidi ya inapokuwa imeshika mwendo. Joto hujikusanya, ncha za swichi huungua, kapasita (kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka) hufa. Ukimwekea mteja kapasita mpya bila kuangalia hewa, umemuuzia kifaa kitakachoungua tena, na hiyo si kazi.

Zima stima kwenye swichi kuu. Fungua mfereji ulio chini kabisa mpaka geji isome sifuri, na uuache wazi. Wengi wanaoanza hukosea hapa: ukipima hewa tangi likiwa bado na presha ya maji, unasoma presha ya maji. Toa kifuniko cha plastiki nyuma ya tangi, utaona valvu kama ya tairi. Ibonyeze kwa ncha ya bisibisi. Yakitoka maji, mpira umepasuka, wala usihangaike kujaza. Mwonyeshe mteja maji hayo kabla hujataja bei ya mpira.

Ikitoka hewa, ipime kwa geji ya tairi. Swichi nyingi za nyumbani huwasha kwenye bar 1.4 na kuzima kwenye 2.8. Hewa iwe chini ya presha ya kuwasha kwa bar 0.2, yaani 1.2 hivi, ambayo ni psi 17 au 18. Pampu ya baiskeli inatosha. Ukimaliza, funga mfereji, washa, acha tangi lijae na pampu izime, kisha kinga maji kwa ndoo hadi iwake tena. Tangi la lita 24 lililo sawa hutoa karibu lita 8. Likitoa moja au mbili, rudia kupima.

Pampu inayowaka usiku watu wamelala ni jambo jingine: maji yanatoroka. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo usubiri nusu saa. Ikionekana kwenye bakuli, umempata mwizi. Kama sivyo, funga geti valvu ya kuelekea nyumbani uangalie geji. Ikiendelea kushuka na hakuna mahali panapovuja, valvu ya kuzuia maji kurudi haifungi. Ifungue uioshe. Siku maji ya mgao yanaporudi hubeba mchanga na kutu, na chembe moja inatosha kuiacha wazi.

Mota inayonguruma bila kuzunguka izimwe papo hapo. Ondoa kifuniko cha feni, zungusha feni kwa mkono. Ikigoma, impela (gurudumu linalosukuma maji) au beringi imekwama. Ikizunguka kwa wepesi, shuku kapasita. Itoe chaji kabla hujaishika. Mpya iwe na maikrofaradi zilezile na volti zisizopungua za ile ya zamani, ambazo mara nyingi ni 450. Usidanganyike kwamba stima yetu ni volti 240. Ndani ya kapasita volti hupanda kuliko hapo.

Mgao pia huua pampu kwa kiu. Sili inayozuia maji yasiingie kwenye mota hupozwa na maji hayohayo, hivyo tangi ambamo pampu huvuta maji likikauka, sili inaungua, na baadaye utaona matone kati ya mota na pampu. Funga swichi ya floti, inayoelea na kuzima pampu maji yakiisha, kwenye tangi hilo la chini. Usiivutishe pampu moja kwa moja kutoka bomba la kampuni ya maji: linapokuwa tupu, uchafu wa nje huingia kupitia nyufa.

Na kama tangi liko chini ya ardhi, kumbuka Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, na hata kwa hesabu tupu maji hayapandi mita 8.5 kwa kuvutwa. Kibati cha pampu kikisema inavuta mita 8, wewe panga 5 au 6. Bomba la kuvuta lisiwe dogo kuliko mdomo wa pampu. Kiungo kilicholegea upande huo hakidondoshi maji, kinanyonya hewa: pakaa povu la sabuni pampu ikizunguka, uone linamezwa wapi.

Nati kubwa ya swichi ya presha, inayopandisha presha, usiikaze ili kumfurahisha mteja anayelalamika kwamba shawa haina nguvu. Pampu ya kusukuma maji mita 30 juu haivuki bar 3. Ukiiwekea swichi ya kuzima kwenye 3.5 haitazima kamwe, na maji yaliyofungiwa ndani yake yatapata moto hadi kulainisha bomba la plastiki.