Stata inalia "tak" mara moja tu: usinunue betri kwanza

Pole ndugu yangu. Umesema Corolla yako ya 1998 asubuhi inawaka vizuri, ila siku nyingine ukigeuza ufunguo inalia "tak" moja na kunyamaza, huku taa za dashibodi ziking'aa vilevile. Ukijaribu mara ya tano, inawaka.

Hizo taa ndizo zinazonifanya nisiilaumu betri. Betri ikiwa dhaifu, taa hufifia na stata huzunguka kwa kujikokota. Hata hivyo pima kwa mita ya volti: gari likiwa limezimwa, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Mwambie mtu awashe huku unaangalia mita. Ikilia "tak" na mita ikabaki juu ya 12, umeme mkubwa haupiti kwenda kuzungusha stata.

Anza na vichwa vya betri: vikwangue, vikaze. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, mtu awashe. Ikizidi nusu volti, waya wa ethi (ule unaounganisha hasi ya betri na injini) umechoka.

Hapo pakiwa sawa, mimi ningefungua stata. Ndani ya solenoidi, yaani swichi ya umeme ya stata, mna vipande viwili vya shaba vinavyolika taratibu, tena upande mmoja zaidi, ndiyo maana leo inakamata kesho inakataa. Fundi umeme mzuri hubadilisha hivyo pekee, pamoja na kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka ya stata) zikiwa fupi. Tafadhali usikubali kuuziwa stata nzima kabla hujaviona vipande hivyo kwa macho yako, na toa waya wa hasi kabla hajaanza kufungua.