Mbu wengi tunawafuga wenyewe

Mhariri salaam. Mmeuliza wiki hii mtu afanyeje apunguze mbu ndani bila kupuliza dawa wala kuchoma zile za mduara. Najua wengi watawajibu mchaichai na maganda ya chungwa, na mi sibishi, kivumbasi hata bibi zetu walikuwa wanakining'iniza mlangoni na kweli mbu hawakipendi, ila hapo unamhamishia tu chumba cha pili, wa chumba cha pili naye akiweka chake mbu anarudi kwako. Bora ujue kwanza wanazaliwa wapi.

Sisi wa Dar, hasa huku uswahilini, wale wanaotupigia kelele masikioni usiku kucha wengi ni kyuleksi na hao wanapenda maji machafu, yani chemba, shimo la choo, mtaro ulioziba. Wa malaria, anofelesi, mara nyingi utamkuta kwenye maji yaliyotulia yanayopigwa na jua, madimbwi ya mvua, mashimo ya matofali, matuta ya mchicha kule mabondeni. Halafu kuna yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana kweupe, huyo ndo wa dengi iliyotusumbua hapa mjini 2014 na tena 2019, yeye anataka vyombo tu: tairi, kopo, kifuu cha nazi, sahani chini ya chungu cha maua.

Sasa jioni kigiza kinapoanza, simama nje uangalie juu ya lile bomba la kupumulia la choo. Utawaona wanatoka kama moshi. Chukua kipande cha wavu wa dirishani, funika mdomo wa bomba, kaza kwa waya au mpira wa tyubu ya baiskeli, basi. Usifunge mfuko wa nailoni maana ile hewa chafu lazima itoke. Na mfuniko wa chemba ukiwa umepasuka hata ufa mdogo ziba kwa saruji, kwetu tulishachoka kumsubiri mwenye nyumba tukachangishana wapangaji, haikuwa hela ya kutisha.

Kuna kitu kingine watu hawakijui. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walimwaga punje za polisterini, yale madude meupe mepesi yanayokuja kwenye boksi la TV, ndani ya vyoo vya shimo vyenye maji. Zinaelea, zinatanda juu yote, viluwiluwi wakipanda kupumua wanakuta pamezibwa wanakufa, na mbu jike hapati pa kutagia. Watu walipewa na dawa za matende, lakini mbu wenyewe walipungua kwelikweli na zile punje zikadumu miaka. Ila kama shimo lako linafurika masika usihangaike, zitaishia mtaani zote.

Kwenye madiaba na ndoo za maji ya kutumia, kwa joto letu hili yai linaweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hivi au siku kumi, kwahiyo mara moja kwa wiki mwaga halafu SUGUA, nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, maana mayai ya yule wa mchana yananata kwenye ukuta wa chombo pale juu kidogo ya maji, ukiyatazama ni vidoa vyeusi kama uchafu tu, na yanaweza kukaa makavu miezi halafu siku ukijaza maji yanaangua. Simtank nayo hakikisha mfuniko umekaa na ule mpira wa kutolea maji yakizidi umevalishwa wavu. Mwenye bwawa la bustani atie perege, wanakula viluwiluwi.

Ndani nyavu madirishani zinajulikana, ila angalia ule mwanya kati ya ukuta na paa, mbu wa malaria anapenda sana kupitia hapo. Na feni jamani, mbu hana nguvu ya kuruka kwenye upepo na tena feni inatawanya pumzi na jasho anavyovifuata. Kuchoma makumbi ndani mi sishauri, mbu wanaondoka sawa ila moshi unabaki kwenye vifua vya watoto.

Chandarua chenye dawa lakini sikitoi, hata kama swali limesema bila dawa. Nina watoto.

Kwetu kilichobaki ni pagale la nyuma, shimo lake la choo liko wazi limejaa maji ya mvua na mwenyewe hakai hapa. Mjumbe keshaambiwa, namba ya mwenye pagale anayo, sasa tunangoja kama atapiga au ndo tulifunike wenyewe kwa mabati.