Kabla ya kununua treni ya mezani, nenda stesheni

Watu huniuliza wanunue seti gani ya treni za modeli. Mimi huwaambia wachague kwanza stesheni wanayoipenda, waende wakaitazame vizuri, pesa zifuate baadaye.

Tatizo kubwa ni nafasi. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ina zaidi ya kilomita 1,250. Kwa kipimo cha HO, ambacho hupunguza kila kitu mara 87, bado ungehitaji zaidi ya kilomita 14 za reli. Nyumba ya hivyo sijaiona. Chukua basi kituo kimoja kidogo: njia mbili za kupishania, jengo la stesheni, ghala na mwembe. Meza ya mita mbili na nusu inatosha, na mama watoto hatapata la kusema.

Kwa maoni yangu hakuna mahali pazuri kuliko Kidatu. Hapo TAZARA, yenye reli ya upana wa milimita 1,067, hukutana na tawi linalotoka Kilosa, ambalo ni la mita moja. Behewa la huku haliwezi kuingia kule, kwa hiyo mzigo lazima uhamishwe. Kwa mtu wa modeli hiyo ni bahati, maana treni zako zinapata sababu ya kusimama na kazi ya kufanya, na unapata mabehewa ya mashirika mawili kwenye meza moja. Halafu piga hesabu. 1,000 gawanya kwa 87 unapata 11.5, na 1,067 unapata 12.3. Tofauti inayowatoa watu jasho pale Kidatu, mezani haifiki milimita moja, na reli ya milimita 12 inayouzwa tayari inazibeba zote mbili. Hunichekesha kila nikiiwaza.

Mpenzi wa SGR ana kazi nyepesi zaidi. 1,435 kwa 87 ni 16.5, ndiyo reli ya kawaida ya HO iliyojaa madukani. Ila wa Tanzania ajiandae kusimika nguzo na kuvuta nyaya, kwa sababu treni ile inakwenda kwa umeme na bila nyaya haimdanganyi mtu.

Wengi huanza na ndoto ya Garratt, kile kichwa kikubwa cha mvuke, na siwalaumu. Vichwa 34 vya daraja la 59 viliundwa na Beyer Peacock wa Manchester miaka ya 1955 na 1956, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mount Gelai na Mount Shengena vimehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi, ingawa milima yenyewe iko Tanzania. Ukifika, usitosheke na kupiga picha ya ubavuni. Inama uone jinsi boila ilivyobebwa katikati ya mitambo miwili, kila mmoja ukigeuka peke yake. Ndivyo mashine ya karibu mita 32 ilivyoweza kukata kona za reli nyembamba. Kwa HO ni sentimita 36 hivi, na kwenye kona kali tumbo la boila hutokeza upande wa ndani, huku ncha mbili zikitokeza nje. Pima hilo kabla hujagundisha jukwaa. Hata hivyo kisiwe kichwa chako cha kwanza. Anza na dizeli ya kawaida.

Siku moja nilimuuliza fundi mstaafu wa karakana nipige picha gani stesheni. "Mwanangu, piga chini," akasema, akanyoosha kidole katikati ya reli. Pale vichwa vinaposimama kungoja ishara, kokoto zilikuwa nyeusi tititi kwa oili. Hatua chache mbele zilikuwa za kijivu, kisha zikashika rangi ya kutu. Karibu na ghala, mahindi yaliyomwagika yalikuwa yameota kati ya mataruma. Tangu hapo nikitazama modeli ya mtu, macho huanzia chini, na kokoto zenye rangi moja kutoka mwanzo hadi mwisho huniambia kwamba mwenyewe hajafika relini.

Omba ruhusa kwa stesheni masta kwanza. Walinzi hawapendi simu inayoelekezwa relini, na wana haki. Waonyeshe picha za kazi yako, mara nyingi wataitana waje watazame.

Kokoto za mezani tengeneza kwa mchanga uliochekechwa. Ukiutoa pwani, uoshe chumvi, kisha pitisha sumaku juu yake, kwa kuwa chembe nyeusi zenye chuma huvutwa na mota ya treni na kuiharibu. Mwaga, nyunyizia maji, halafu dondoshea gundi ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, pamoja na tone la sabuni ya vyombo ili ipenye.

Seti ya mtumba kutoka Marekani mara nyingi huja na transfoma ya volti 120, na soketi zetu ni 230, kwa hiyo soma kibandiko kabla hujachomeka. Na ukiona treni inakwamakwama, usikimbilie kufungua mota. Futa reli kwa kitambaa chenye spiriti, kisha pindua kichwa ufute na magurudumu, hasa kama unaishi karibu na bahari.