Unaandika pole, unafuta

*Shangazi shikamoo. Kuna kaka nafanya naye kazi kafiwa na mama yake, sasa karudi ofisini na kila mtu anamkwepa. Nimemuandikia meseji nikafuta, nikaandika tena nikafuta, naogopa nitamtonesha kidonda au ataona najipendekeza maana hatujazoeana kivile. Ni uoga au sina utu?*

Marahaba mwanangu. Utu unao, asiye na utu hata hawazi kuandika hiyo meseji.

Kwanza hilo la kumtonesha. Unadhani amesahau? Anaamka na huo msiba, anafunga nao kamba za viatu, anakaa nao hapo mezani huku nyie akipita mnajifanya mnatafuta karatasi kwenye droo. Anawaona, mwanangu. Kimya chenu anakisikia.

Halafu hili la kujipendekeza, angalia vizuri hofu hiyo inamhusu nani, utaonekanaje wewe, utaeleweka vipi wewe, yeye kwenye hesabu hiyo hayumo kabisa. Sikusimangi, ndo binadamu tulivyo. Mwaka 1968 watafiti wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, waliweka wanafunzi kila mtu chumba chake wakawa wanaongea kwa vipaza sauti, mara mmoja akasikika kama kashikwa na kifafa, kumbe ni rekodi. Waliodhani wako peke yao na mgonjwa, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Walioamini kuna wengine wanne wanasikia, asilimia 31 tu. Na hao waliobaki vyumbani hawakuwa na roho mbaya jamani, wengi walikutwa mikono inatetemeka, viganja vimelowa jasho, wanauliza kama mwenzao yuko salama.

Sa ofisi yenu ndo hiyo hiyo, kila mtu anadhani aliye karibu zaidi na huyo kaka keshampa pole, na huyo wa karibu zaidi wala hayupo.

Kwa hiyo usisubiri hofu iishe, we fupisha kazi. Achana na meseji, maana hiyo ndo inakupa nafasi ya kufuta. Kesho ukimkuta yuko mwenyewe muite jina lake umwambie "pole sana kwa kuondokewa na mama, nilikuwa naogopa kukwambia." Basi. Usiongeze "jikaze wewe mwanaume" wala "yote yana makusudi", hayo ndo yanatonesha kweli kweli. Sauti ikitetemeka iache itetemeke. Akisema asante akaendelea na kazi zake, shughuli imeisha, usimgande. Ila akianza kumuongelea mama yake, vuta kiti ukae, simu igeuze chini, na usikimbilie kumsimulia msiba wako.

Akikujibu kwa ukali je? Inawezekana, mtu aliyefiwa kuna siku hataki hata kusemeshwa. Usimnunie, na kesho yake asubuhi msalimie kama kawaida.