Unataka kuingia kwenye utafiti wa chanjo za magonjwa ya kifua? Soma hii kwanza

Kila mara napata meseji za vijana wanauliza wasome nini ili wafanye utafiti wa chanjo, na wengi hamu iliwaanza wakati wa korona. Sikatai, hamu ni hamu. Ila mlipuko ukija hela zinamwagika, kila maabara inageuka ya korona, halafu baada ya muda bomba linafungwa na wale waliofuata upepo wanabaki kuhangaika. Mi nasema tafuta swali ambalo utakaa nalo hata miaka ambayo hakuna anayekupigia simu.

Chukua RSV, kile kirusi kinachobana sana vifua vya watoto wachanga. Kilipatikana 1956, kwa sokwe, na miaka ya 60 wakatengeneza chanjo kwa kukiua na kemikali ya fomalini, njia ambayo kwenye polio ilikuwa imeleta matunda. Huku ikawa balaa. Kwenye jaribio moja, watoto waliochanjwa na baadae wakaambukizwa, karibu asilimia 80 walilazwa, wakati wenzao wasioipata chanjo hiyo ilikuwa kama asilimia 5, na wawili kati ya waliochanjwa walifariki. Baada ya hapo nani angetaka kugusa chanjo ya RSV? Wachache waliendelea kuchimba, miaka na miaka, mpaka 2013 timu ya Jason McLellan, Barney Graham na wenzao kule NIH, taasisi za taifa za utafiti wa afya za Marekani, wakaonyesha protini ya F ya kirusi ikoje kabla haijajikunjua kuingia kwenye seli, manake kingamwili kali zaidi zinashika umbo hilo la mwanzo na si lile la baadae. Wakaibana isijikunjue, na 2023 Marekani ikapitisha chanjo za wazee na za wajawazito. Na ujanja wa kubana protini namna hiyo hao hao wakawa wameshaujaribu kwa MERS, kirusi ndugu wa korona, ndo maana 2020 chanjo kadhaa za korona zilipata pa kuanzia haraka vile.

Kwa hiyo soma majaribio yaliyofeli, tena yasome yote sio muhtasari tu. Mi wanafunzi wangu nawaanzishia hapo kabla hawajashika pipeti, na wananuna kweli.

Kingine, usikimbie takwimu eti kwa sababu we ni mtu wa maabara. Kwenye magonjwa ya kifua hili ndo linaumiza kichwa kuliko yote, mapafu huwezi kuyachota hovyo hovyo kwa hiyo unachukua swabu ya pua, na puani mwa mtoto mzima kabisa anayecheza unaweza kukuta nyumokokasi, bakteria anayeweza kuleta nimonia, imekaa raha mustarehe. Sasa ukiikuta kwa mtoto mwenye nimonia, utajuaje ndiyo iliyomlaza? Ni lazima uchukue pia watoto wasioumwa ulinganishe, na hata hapo jibu haliji jeupe. Halafu huyo bakteria ana aina zaidi ya 90. Chanjo ya aina 7 ilianza Marekani 2000, ikapunguza kweli zile ilizolenga, aina ya 19A ikapata nafasi ikapanda, mpaka 2010 ikaja ya aina 13 yenye 19A ndani yake. Ufuatiliaji wa hivyo hauna mwisho, na binafsi naona ndo kazi yenye ajira ya uhakika zaidi humu ndani, ingawa haikupeleki kwenye tivii.

Ya haraka haraka: virusi vingi vya kifua vina msimu, kibali cha maadili kikichelewa mpaka msimu upite unasubiri mwaka mwingine, so omba mapema kuliko unavyodhani. Andika lebo za sampuli kama vile atakayezisoma hakujui, maana friza inaishi kuliko mikataba yetu.

Na kabla hujakubali nafasi ya PhD, ongea na wanafunzi waliopita hapo, bosi asiwepo. Waulize sampuli na data ni za nani ukiondoka, jina lako linakaa wapi kwenye makala, na mshahara wako unatoka kwenye ufadhili unaoisha lini. Ukiona wanazunguka zunguka kujibu, endelea kutafuta kwingine.